Hongera Zenu za Bondwa, Nawarudishia Nusu

Najua nimepotea. Wengine mlishaanza kuulizana kama nimedisko, wengine mkasema nimeolewa kimyakimya. Hapana jamani, nipo. Nipo hapahapa Mazimbu, hosteli ileile, ruumeti yuleyule anayekoroma kama pampu ya maji. Nilikwenda fildi, nikarudi, mwaka wa tatu ukaanza, asaimenti zikaanza kumwagika. Lakini sitawadanganya, sababu ya ukimya si asaimenti. Kuna kitu nilitakiwa kukiandika hapa tangu Juni 2025, na kila nikikaa kukiandika najikuta naandika kuhusu foleni ya chakula.

Haya, nakisema mara moja kabla sijabadili mawazo.

Sikufika kilele cha Bondwa.

Ile picha mliyoiona, nimevaa fulana nyeupe, ukungu nyuma yangu, mikono juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, ilipigwa Morningside. Wanaoijua Uluguru wanajua kutoka pale hadi Bondwa bado kuna mlima mzima. Mtu mmoja akaiweka kwenye kundi letu la wasapu na maneno "Shujaa wetu kafika!!!" na ndani ya saa moja nikawa na hongera zaidi ya mia. Wengine mlinipigia. Mchungaji wa kwetu Njombe alinitaja kanisani. Na mimi nikajibu "asanteni sana", "Mungu ni mwema", nikaweka na vikopa vyekundu. Sikusema nimefika. Sikusema sijafika. Mnajua jinsi mtu anavyoweza kudanganya bila kusema neno, basi ndivyo.

Ngoja nianze mwanzo, maana kuna wasomaji wapya hapa ambao hawajui hata kwa nini mtu apande mlima apewe hongera na mchungaji.

Hadithi inaanza na rovu ambalo halikuwa rovu. Machi 2024, mwaka wa kwanza, nilikuwa najipaka mafuta nikagusa kitu shingoni, upande wa kushoto, kama kokwa ya zambarau chini ya ngozi. Hakiumi. Nilipokwenda nyumbani likizo Mama alikishika akasema, "Rovu hilo mwanangu, umerithi kwa bibi yako. Huko chuoni mnakula chumvi gani?" Kwetu nyanda za juu rovu si kitu kigeni. Udongo wetu una madini joto kidogo, na kabla ya sheria ya kuweka madini joto kwenye chumvi, miaka ya 1990, wazee wengi walitembea na shingo zilizovimba na hakuna aliyeshangaa. Mimi mwanafunzi wa baiolojia nikajifanya mjuaji, nikamweleza Mama kuhusu tezi ya thairoidi, umbo lake la kipepeo, homoni zake, mpaka akasema basi, nimeelewa, nenda hospitali.

Daktari hakusikiliza somo langu. Alikishika akaniambia nimeze mate, akakishika tena, akanyamaza. Kigumu, cha upande mmoja, hakiumi. Wakachukua chembe kwa sindano. Majibu yakaja na neno moja refu na moja fupi. Refu nitawaachia wa udaktari. Fupi ni saratani.

Daktari alinifariji. Akasema hii ni ya aina inayotibika vizuri, ndiyo inayoonekana zaidi kwenye tezi hiyo, na kwamba kama yeye angeambiwa achague saratani angechagua hii. Nikamwambia, "Dokta, mimi sikuomba kuchagua." Akacheka, mimi nikalia. Nilikuwa na miaka 21. Kampasi yetu ina jina la Solomon Mahlangu, kijana wa Afrika Kusini aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Siku zote nilikuwa napita pale kwenye jina lake nikiwahi kipindi, sina habari. Wiki ile nilisimama nikapiga hesabu: 22 ni mwakani tu. Siku hiyo kipindi kilinipita.

Upasuaji ulifanyika Julai 2024, hospitali moja kubwa Dar. Treni ya SGR ilikuwa na mwezi tu tangu ianze safari za Dar na Morogoro, kwa hiyo safari yangu ya kwanza ya treni ya umeme nilikwenda kukatwa shingo. Abiria wengine wanapiga picha dirishani, Mama anasali, mimi nahesabu stesheni. Waliitoa tezi yote. Nilipoamka vidole vilikuwa vinachonyota kama vimekaliwa na siafu, wakanipa kalsiamu. Hilo lilipita. Kidonge cha homoni ninameza kila alfajiri, tumbo tupu, nasubiri nusu saa hadi saa nzima ndipo ninywe chai. Hilo ni la maisha. Nimezoea, ruumeti naye amezoea kengele yangu ya saa kumi na moja.

Kitu ambacho sikukizoea ni sauti.

Niliamka nina sauti ya redio inayokwisha betri. Nikisema sentensi ndefu inakatika katikati, nikijaribu kupaza inatoka hewa tu. Wenzangu wa baiolojia mnaijua hii, tuliisoma. Neva inayotekenya nyuzi za sauti upande wa kushoto haiendi moja kwa moja kooni. Inateremka mpaka kifuani, inapita chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, halafu inapanda tena kurudi shingoni, ikipita nyuma ya tezi ileile. Kwa twiga, neva hiyohiyo inateremka shingo nzima na kupanda tena, mita kadhaa, kwenda mahali palipokuwa jirani tangu mwanzo. Darasani tulicheka sana habari za twiga. Basi neva hiyo ndiyo iliyochoka wakati wa operesheni. Inatokea, walinieleza kabla nikasaini. Baadaye waliingiza kikamera puani, wakasema uzi wa kushoto hausogei vizuri, fanya mazoezi haya, subiri mpaka mwaka mmoja, nyingi hurudi.

Sasa niambieni, mtu anasomea ualimu, sauti hana. Mnakumbuka zoezi la kufundishana wenyewe kwa wenyewe, mwalimu wetu akiwa amekaa nyuma? Nimeanza mada yangu ya asidi na besi, dakika mbili tu, akanyoosha mkono: "Huku hatusikii." Nikarudia. "Bado." Sikulia mbele yenu. Nililia chooni kama mtu mzima.

Wazo la mlima lilizaliwa kwenye benchi. Baada ya upasuaji nilikuwa nakwenda kliniki Ocean Road, pale ufukweni Dar, penye lile jengo la zamani la Wajerumani. Ukikaa kwenye mabenchi yale unasikia lafudhi za nchi nzima: Kigoma, Mtwara, Singida. Siku moja nilikaa na mama mmoja kutoka bonde la Kilombero, wa mkoa huuhuu wetu. Alikuwa na kitenge kizuri na mfuko wa mchele wa kumpelekea ndugu aliyempa pa kulala. Akaniambia safari iliyopita hakuja. Nikamuuliza, ulizidiwa? Akasema, "Hapana mwanangu, nauli." Akaitamka kama mtu anavyosema mvua ilinyesha. Mimi hapo tikiti yangu ya treni ilikuwa 13,000, nimeitoa kwenye bumu na nimenung'unika njia nzima.

Nilimsimulia ruumeti, ruumeti akamsimulia mwakilishi wetu wa darasa, na mnamjua yule, ukimpa wazo jioni asubuhi lina kamati. Tupande Uluguru, kila mtu atafute watu wa kumchangia, fedha ziende kwa wagonjwa wa mkoa wetu wanaokwenda Dar kwa matibabu, kwa mkono wa afisa ustawi wa jamii ili kusiwe na maneno. Na mimi niwe mbele, kwa sababu ya kovu. Mtu mwenye kovu shingoni akipanda mlima watu wanatoa hela. Nilikubali. Daktari naye alikubali, akapima damu, akasema nenda, ila moyo ukikimbia kupita kiasi pumzika, usione aibu.

Anko wangu wa Makambako, muuza vifaa vya ujenzi, alituma ujumbe: "Ukifika juu kabisa kwenye minara nakupa 50,000. Ukiishia njiani utapata pole." Ndiyo ahadi kubwa kuliko zote. Na mimi nikajibu kwa majigambo, mtu wa Njombe ashindwe na kilima cha Morogoro!

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 tuliondoka Mazimbu bado giza. Tulikuwa 19. Kidonge nilishameza, chai niliinywa kwenye chupa ndani ya daladala. Kabla hatujatoka ruumeti alinivalisha filimbi ya plastiki, ya njano, ile ya waamuzi wa ndondo. Akasema, "Wewe huwezi kuita, bwana. Ikitokea kitu puliza." Mbele ya watu! Nikaivua nikaitia mfukoni. Sikutaka kupanda mlima na filimbi shingoni, juu ya kovu, kama mtoto wa chekechea.

Mliokwenda mnaijua njia. Unaacha mji, unapita maeneo ya Rock Garden, barabara inakuwa ya mawe, halafu mlima unaanza kukuuliza maswali. Tulipishana na akina mama wa Kiluguru wanaoteremka na matenga ya mboga kichwani kwenda sokoni, wanatembea kama wako sebuleni, wanatusalimia na kutucheka kwa adabu. Sisi tumevaa raba na fulana za kufanana, tunahema. Mmoja akatuuliza, "Mnakwenda kufanya nini huko juu?" Mwakilishi akaeleza kuhusu wagonjwa. Mama akafungua pindo la khanga akatoa 1,000, akasema basi na yangu iende, akaendelea kuteremka. Huyo hakuuliza kama tutafika.

Saa tatu kasoro tulikuwa Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Mji uko chini kama ramani. Nilijisikia mzima. Kwa mara ya kwanza tangu Machi 2024 nilisahau kwamba nina shingo. Hapo ndipo picha ilipopigwa, mikono juu. Ile furaha ya kwenye picha ni ya kweli kabisa, hiyo naomba msinirudishie.

Juu ya Morningside unaingia msituni. Tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, huingii bila kibali na mwongoza njia. Sisi tulikuwa na wawili, mzee mmoja wa Kiluguru na mjukuu wake. Mzee alitueleza kwamba maji ya mto Ruvu yanaanzia kwenye milima hii, kwa hiyo watu wa Dar wakifungua bomba wanakunywa Uluguru. Ardhi ilikuwa mbichi bado, mizizi inateleza, na ukungu ukashuka. Si ukungu wa kwenye picha. Huu ulikuwa wa kumeza mtu.

Nilianza kubaki nyuma. Moyo ulikuwa unapiga masikioni, na sijui kama mnaelewa hiki kitu, mgonjwa hapewi raha ya kuchoka tu. Mwingine akihema anasema mlima mkali. Mimi nikihema nauliza: ni mlima, ni kidonge kimezidi, au imerudi? Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kweli kamba ilikuwa imefunguka, lakini nilikuwa natafuta pia sababu ya kuinama. Nilipoinuka hakukuwa na mtu.

Nilisikia sauti zao juu, karibu tu, wanaimba. Nikaita, "Nisubirini!" Ikatoka hewa. Nikaita tena kwa nguvu zote, shingo ikauma, ikatoka kama paka aliyebanwa mlango. Wao wanaimba. Nikapanda haraka kuwafuata, njia ikagawanyika mara mbili, nikachagua, nikatembea, nyimbo zikawa zinatokea nyuma yangu badala ya mbele. Nikasimama.

Watu wameniuliza kama niliogopa kufa nilipoambiwa saratani. Niliogopa, lakini kule nilikuwa na watu, Mama, madaktari, dripu. Pale msituni niliogopa vingine. Watu wangu wako hatua mia moja, wanapanda kwa jina langu, fulana zina jina langu, na mimi siwezi kuwaambia kwamba nimebaki.

Na unajua nilikaa muda gani na filimbi mfukoni? Dakika kumi hivi. Naona aibu kuandika. Dakika kumi nimekaa kwenye mzizi, nimeishika mkononi, nasema ngoja nijaribu kuita mara moja tena. Hatimaye nikapuliza. Mlio ulipasua msitu. Nikapuliza tena, na tena.

Mzee ndiye aliyekuja, polepole, na fimbo yake, bila kushtuka. Nikaanza kujieleza kuhusu sauti, operesheni, neva. Akasema, "Binti, kwenye ukungu hata mwenye sauti kama ngoma hasikiki. Ndiyo maana sisi huwa tunapiga mluzi. Umefanya sawasawa, ila umechelewa." Nilichukia lile la mwisho kwa sababu lilikuwa kweli.

Tulipowafikia wenzetu muda ulikuwa umekwenda. Walikuwa wamesimama njiani kwa wasiwasi, ruumeti analia. Mzee akaangalia juu akasema mvua iko njiani, saa saba lazima tuwe tumeanza kushuka, kutoka popote tutakapokuwa. Kila mtu akaniangalia. Mwakilishi akasema tutakwenda mwendo wako, hata tusipofika. Alimaanisha, na nilimpenda kwa hilo. Lakini nilijua mwendo wangu. Kwa mwendo wangu hakuna hata mmoja angeiona ile minara. Magoti yalikuwa yanatetemeka na moyo ulikuwa bado haujatulia. Nikasema kwa ile sauti yangu, "Nendeni. Mimi nimefika hapa."

Nilibaki na yule mjukuu wa mzee. Tulikula ndizi. Alinionyesha vinyonga, akanifundisha mluzi wa Kiluguru, nikashindwa, tukacheka. Baada ya saa moja na nusu hivi nilisikia kelele za mbali kutoka juu, nikajua wamefika. Watu kumi na nane walisimama Bondwa siku ile, mita 2,120 hivi, mimi nikiwa chini yao nimeshika ganda la ndizi. Uamuzi ulikuwa wa busara. Ningekuwa namshauri mtu mwingine ningemwambia afanye hivyohivyo. Lakini nilipofika chini nikakuta picha imeshatembea na hongera zimejaa, busara yote ikaisha.

Mbaya zaidi, jioni ileile simu ililia mlio wa fedha. 50,000. Anko. "Hongera jembe letu."

Fedha zote zilifika 614,000. Ukichukua nauli ya treni Morogoro hadi Dar, kwenda na kurudi 26,000, ni safari 23 na chenji ya 16,000, ambayo tuliiacha palepale iwe mwanzo wa safari ya 24. Kumbukeni kwamba mtu wa Kilombero anahitaji pia nauli ya kufika Morogoro, kwa hiyo safari zikapungua. Lakini wagonjwa walikwenda. Hilo limefanyika na lilikuwa zuri, ndiyo maana nilijiambia, ukisema ukweli sasa utaharibu. Nani ameumia?

Jibu nililipata fildi.

Nilipangiwa shule moja ya sekondari, kidato cha pili, darasa la wanafunzi zaidi ya sitini. Siku ya kwanza nilipiga makofi matatu kwa mpangilio, nikasubiri. Wakanyamaza. Siku ya pili niliwaambia nikipiga makofi matatu wao wajibu mawili. Niliandika ubaoni kila kitu, nilitembea katikati ya madawati badala ya kusimama mbele, na nilipotaka jambo lirudiwe nilimchagua mwanafunzi mwenye sauti akarudia. Walianza kugombania kuwa sauti ya madamu. Nimeambiwa na mkaguzi wangu wa fildi kwamba darasa langu lilikuwa tulivu. Filimbi nilikuwa nayo kwenye mkoba, na nimeitumia, uwanjani, bila aibu. Kidogo nilijiona nimefaulu jambo.

Wiki ya nne kijana mmoja akauliza, "Madamu, ni kweli ulipanda mlima mpaka juu na wewe ulikuwa mgonjwa?" Walishaiona picha, watoto hawa hawakosi kitu. Nikasema, "Ndiyo."

Mara hii sikunyamaza. Nililisema neno lenyewe, mbele ya ubao, nikiwa nimeshika chaki.

Walipiga makofi. Baada ya kipindi binti mmoja wa nyuma, asiyeongea kabisa, alinifuata mpaka mlangoni. Akasema, "Madamu, mama yangu amekatwa titi. Sasa hivi anasema mkono unamuuma, hawezi shamba, anakaa tu. Leo nikifika nitamwambia habari zako. Aache uvivu."

Jamani.

Alisema kwa upendo, macho yanang'aa. Mimi miguu iliniisha. Nikamwona yule mama ambaye simjui, amekaa mlangoni na mkono unaomuuma, mtoto wake anamletea habari za mwalimu aliyekatwa shingo akapanda mpaka minarani. Na yeye hawezi kushika jembe. Hapo ndipo nilipoelewa uongo wangu ulikuwa unakwenda kumpiga nani. Haukumpata yeyote mwenye nguvu kati yenu. Ulikuwa unakwenda moja kwa moja kwa mgonjwa mwenzangu.

Nilimwita palepale. Nikamwambia, "Subiri. Sikufika juu. Nilichoka, nikapotea, nikapuliza filimbi, nikakaa chini nikala ndizi. Mwambie mama hivyo. Mwambie madamu naye alikaa chini." Nikamwambia pia mkono wa mtu aliyekatwa titi kweli huweza kuuma na kuvimba, aurudishe kliniki wauangalie, si uvivu. Aliniangalia kama nimemnyang'anya kitu. Labda nilimnyang'anya. Kesho yake niliwaambia darasa zima. Walinyamaza bila hata kupigiwa makofi matatu. Halafu yule kijana wa kwanza akauliza, "Ndizi ngapi?" Tukaendelea na somo.

Nikampigia anko. Nilimweleza yote, yeye kimya, nasikia mtu anapima misumari nyuma yake. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo nimetoa elfu hamsini kwa ukungu?" Nikasema nitairudisha kwenye bumu, kidogokidogo. Akasema, "Hiyo ilishapanda treni, sasa nitaishushaje? Ila mwanangu, nimewasimulia watu wote hapa dukani." Akakata simu. Siku mbili hakupokea. Siku ya tatu alituma ujumbe: "Nakudai kilele. Sikupi muda wa mwisho." Bado nafikiri aliumia kidogo, na ana haki.

Mmebaki ninyi, ndiyo maana ya andiko hili. Hongera zenu za Morningside nachukua. Za fedha tulizokusanya nachukua na kuwagawia wote kumi na tisa, pamoja na yule mama wa matenga. Za Bondwa wapeni wale kumi na nane, wao waliiona minara. Na mkiwa na mtu nyumbani aliyetoka hospitali na amekaa tu, tafadhali msimwonyeshe picha yangu.

Hali yangu ni nzuri, mnaouliza. Vipimo ni vizuri. Sauti imerudi kiasi, mwaka umepita, daktari anasema huenda iliyobaki ndiyo hiyo. Nimeanza kuisikia kama yangu. Asubuhi nikisubiri nusu saa yangu ya kidonge nafungua dirisha, na kukiwa hakuna ukungu Uluguru inaonekana kutoka huku Mazimbu, imetulia, haina habari na mtu.

Ruumeti anasema akimaliza mitihani twende tena, wawili tu na mzee, bila fulana. Nimemwambia nitafikiria. Filimbi nitaivaa shingoni.

Tuonane kwenye foleni ya chakula.